Kiungo Kisichokunywa Maji

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi nyingine huenda nimezikosea, maana shule yangu iliishia darasa la nane kule Ganze. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mkikuta neno lisilosomeka, lisomeni kwa sauti. Mara nyingi sikio hutambua kile ambacho jicho limekataa.

Nimeambiwa niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya kufunga antena za redio ya ridhaa, yaani redio za wale watu wenye leseni ya kurusha na kupokea, wanaozungumza wao kwa wao bila biashara wala matangazo. Mtashangaa kwamba mstaafu wenu ana miaka thelathini na minne. Hata mimi nashangaa. Lakini sikio langu la kushoto liliharibika ndani, ikawa nikifika kidato cha tano cha ngazi dunia inazunguka, na fundi wa namna hiyo ni heri ashuke mwenyewe kabla hajashushwa. Nilifanya kazi hii miaka kumi na minne, kutoka Watamu hadi Mambrui, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na adui mmoja tu: maji kwenye kiungo cha waya.

Waya wa antena si kama waya wa taa. Ukiukata utaona uzi mnene wa shaba katikati, kisha plastiki nyeupe, kisha wavu wa nyuzi nyembamba za shaba, kisha ganda jeusi la nje. Wavu ule ndio unaoleta balaa. Maji yakiingia pale waya unapokutana na konekta, kile kichwa cha chuma kinachouunganisha na antena, hayakai hapo. Wavu huyanyonya kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, yakapanda na kushuka ndani ya ganda, mahali usipoyaona. Na kwetu pwani maji hayaji peke yake, huja na chumvi. Baada ya muda shaba inageuka kijani, halafu nyeusi, na redio inakuwa kama mtu anayezungumza na kitambaa mdomoni.

Aliyenifundisha ni Bwana Harshad, mwenye duka la vipuri vya cherehani mjini Malindi. Redio yake iko nyuma ya kaunta, katikati ya makopo ya sindano na mikanda, na wateja wengi hudhani ni mashine ya kudarizi. Hakuwa mtu wa kusifu. Kiungo changu cha kwanza nilikifunga kwa tepu nyeusi ya umeme nusu saa nzima, kikanenepa kama muhogo. Alikichukua, akakigeuza, akatoa mkasi.

"Wewe umefunga kidonda," alisema. "Hujafunga waya."

Akakata, akanionyesha kwamba tepu ilikuwa imeacha mifuko ya hewa ndani. Kisha akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nilimjibu kwa sauti ya chini, maana nilikuwa mtu wa haya kupita kiasi, kwamba baba ni mwezekaji wa makuti. Akanishika mkono hadi mlangoni, akanionyesha paa la mkahawa wa ng'ambo, akaniuliza makuti huanza kupangwa wapi. Nikasema chini, ili kuti la juu lilalie la chini na mvua iteleze. Basi akauliza kwa nini mimi nilianza kuzungusha tepu juu nikashuka, hata kila ukingo ukawa mdomo wazi unaongojea mvua. Nilikuwa nimepanda mapaa na baba tangu utotoni, na bado nilikuwa nimeezeka waya kichwa chini.

Kwa hiyo lishikeni hilo. Anza chini, panda juu, kila mzunguko ulalie nusu ya ule wa chini yake.

Mengine nitawapa kama yanavyonijia. Usifunge asubuhi umande haujakauka, utafungia maji ndani kwa mikono yako mwenyewe. Futa jasho, kwa kuwa jasho nalo ni chumvi. Paka konekta spiriti kidogo, uiache ikauke. Tepu ya umeme usiikate kwa kuivuta. Ikate kwa mkasi, na mzunguko wa mwisho uulaze bila kuuvuta hata kidogo, kwani tepu iliyovutwa hutaka kurudi, na ncha yake ikiinuka tu, kunguru ameiona. Pale Watamu nilifungua kiungo kimoja mara tatu kwa sababu ya kunguru mmoja aliyekuwa na mazoea ya kukaa juu ya mlingoti kunitazama nikifunga, halafu akafungua nikishaondoka. Nikaanza kumwita mkaguzi.

Kule Ganze nilimkuta mwalimu mmoja aliyefunga kiungo chake kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Watu walimcheka. Mimi nilikifungua nikakuta shaba ina afya, ila mpira umepasuka kwa jua. Huko mvua ni kidogo, vumbi ni jingi, na tyubu ilimtosha kwa muda wake. Msicheke kazi ya mtu kabla hamjaifungua.

Siku hizi tuna tepu ya mpira isiyo na gundi. Ina utando mwembamba katikati ya mikunjo yake. Unabandua utando, unaivuta mpaka inapungua upana, unaizungusha, na ikigusana yenyewe kwa yenyewe inashikana ikawa mpira mmoja usio na mlango. Juu yake unazungusha tepu nyeusi ya umeme ili jua lisiule mpira. Na kabla ya yote unaanza na safu moja ya tepu ya kawaida, ili fundi atakayekuja kufungua asikulaani. Safu tatu basi. Zikifungwa vizuri zinazidi muhogo wangu ule mara mia.

Tepu hiyo ya mpira ndiyo iliyoniaibisha, na habari yake ndiyo hasa niliyotaka kuwaandikia.

Mambrui alikaa mama mmoja mjane, Bi. Zuwena. Macho yake yalikuwa yamezimika zamani kwa maradhi. Mumewe alikuwa mtu wa redio, na alipofariki, mama huyu akaomba asomewe vitabu, akafanya mtihani kwa mdomo, akapata leseni yake mwenyewe. Kila siku saa nne asubuhi aliketi mbele ya redio na kuwaita watu wa pwani mmoja mmoja, Kilifi, Watamu, Malindi, mpaka visiwani kaskazini, na kila mtu aliitika, akatoa salamu, hali ya hewa, na habari ya mgonjwa kama yupo. Asiyeitika aliulizwa kesho yake alikuwa wapi. Watu wazima, wenye ndevu, walikuwa wakijieleza.

Alikuwa na mwana mmoja, Twahir, anayefanya kazi Mombasa. Twahir alitaka mama yake akakae naye, katika nyumba ya ghorofa ya tatu ambako huwezi kusimamisha mlingoti. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa hapati usingizi akifikiria mama yake kipofu amekaa peke yake. Masika ya mwaka uliotangulia redio ilinyamaza mara mbili, siku kadhaa kila mara, na safari zote mbili Twahir alikuja mbio akidhani mama amekufa. Wakapatana: ikinyamaza tena masika yanayofuata, mlingoti unashushwa na mama anahama.

Nilipokwenda kukifunga upya kiungo chake kabla ya mvua, aliniambia hayo yote mwenyewe. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi Mambrui nashikiliwa na kiungo hicho. Kifunge kama unamfunga mwanao mgongoni."

Nami nilikuwa nimeshafanya kosa kabla hata sijabisha hodi. Bwana Harshad alikuwa amenipa bunda zima la ile tepu ya mpira, aliyoletewa na jamaa yake kutoka mbali. Nikajiona mwerevu: badala ya kubandua utando kidogo kidogo nikiwa juu ya ngazi kwa mkono mmoja, niliubandua wote nyumbani, nikaizungusha tepu tena vizuri, nikaitia mfukoni. Nikaendesha baiskeli kutoka Malindi juani. Nilipofika Mambrui na kuitoa, haikuwa tepu tena. Ilikuwa imeshikana yote, donge moja jeusi, gumu kama kwato. Nilitafuta mwanzo wake kwa kucha, kwa kisu, kwa meno. Haukuwapo.

Mtu mwingine angerudi Malindi akaseme. Mimi niliona haya. Niliona uso wa Bwana Harshad na mkasi wake. Katika mfuko wa zana nilikuwa na tyubu ya silikoni niliyopewa na fundi wa mabafu wa hoteli moja Watamu, ile ya kuzibia pembezoni mwa sinki. Nikajiambia, kinachozuia maji ya bafu kitashindwaje na mvua? Nikaijaza kwenye konekta, nikaipaka nene, nikaizungushia tepu nyeusi juu yake. Kwa macho kilikuwa kiungo kizuri. Nikamuaga Bi. Zuwena, akaniombea dua.

Sasa jueni nilichokuwa sijui. Ile silikoni inayonuka siki ina asidi, na asidi hula shaba. Tena ili ikauke inahitaji hewa, nami nilikuwa nimeifungia ndani ya tepu. Ikakaa humo mbichi, inatafuna taratibu. Nilikuwa nimezuia mvua kwa kutia sumu.

Masika yalianza. Nilikuwa nikisikiliza saa nne dukani kwa Bwana Harshad. Wiki ya kwanza sauti ya Bi. Zuwena ilikuwa safi. Wiki ya pili ikaanza kukwaruza. Wiki ya tatu aliwaita watu, wakamwitikia, naye akaendelea kuwaita walewale, kwa sababu hakuwasikia. Kisha ikawa kimya. Bwana Harshad alinitazama juu ya miwani yake akauliza nilifunga na nini. Nikamjibu nilifunga vizuri. Hilo pia lihesabuni katika makosa yangu.

Siku mbili baadaye Twahir alinipigia simu niende nikashushe mlingoti.

Nilikwenda. Mvua ilikuwa imepumzika, ua limejaa madimbwi. Ndani niliona makasha mawili yamekwisha fungwa kamba. Tulilegeza nyaya za kushikilia, mimi na Twahir, tukaulaza mlingoti taratibu juu ya ukuta. Yeye alikuwa akizungumza muda wote, kwa upole kabisa, kwamba redio ile ni ya zamani, vitu vyake vimechoka, hakuna wa kulaumiwa, kila chombo kina siku zake. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Nataka mnielewe vizuri: njia ilikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningekata kile kiungo, nikatupe kwenye mtaro, nirudi Malindi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Bi. Zuwena akatoka akipapasa ukuta, akaketi kwenye kibaraza. Akasema anataka kukishika kiungo chake kabla hakijatupwa. Nilikikata nikampa. Akakifinya kwa vidole, akakileta puani.

"Hiki kinanuka siki," alisema.

Twahir akacheka, akamwambia mama yake pengine ni achari ya jikoni. Mama hakucheka. Aliweka kiungo mapajani, uso wake umeelekea upande wangu. Hakunisemea. Nilimsikia jirani akifagia, nikasikia maji yakidondoka kwenye makuti. Nikasema.

"Si redio, kaka Twahir. Redio ni nzima. Ni mimi."

Nikalitoa lile donge, ambalo nilikuwa nimetembea nalo mfukoni wiki zote hizo, nikamwekea mkononi, nikaeleza tangu mwanzo. Nadhani sikuwahi kuzungumza maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu nizaliwe. Twahir alilitazama donge, akanitazama.

"Kwa hivyo mama yangu amekaa siku zote hizi hasikii mtu," alisema, "kwa sababu wewe uliona haya kusema umeharibu tepu?"

Nilisema ndiyo. Hakuna jibu jingine lililokuwa la kweli. Kisha nikasema, kabla ujasiri haujaniisha, kwamba patano lao lilihusu redio kushindwa, na redio haijashindwa; kwamba anipe masika yaliyobaki; kwamba ikinyamaza tena nitabeba makasha yale mwenyewe hadi stendi. Twahir alikuwa bado anavuta pumzi ya kukataa. Mama yake akamkatiza.

"Mpe. Anayejua alipokosea ndiye fundi wa kurudishwa juu. Ukimleta mwingine, atakosea upya."

Twahir alikubali kwa kichwa, akaenda kukaa ndani ya gari lake.

Nilirudi Malindi siku ileile. Niliweka donge juu ya kaunta ya Bwana Harshad na kurudia hadithi yote, mara hii ikatoka rahisi kidogo. Alilipiga donge juu ya meza mara mbili kusikia ugumu wake. Akasema ni zito la kutosha, akaliweka juu ya stakabadhi zake zisipeperushwe na feni, na lingali hapo hadi leo, kila mteja akiuliza anaelezwa. Baada ya hapo alivuta droo, akatoa nusu ya bunda. Akasema hiyo ndiyo ya mwisho aliyonayo, na angekuwa yeye asingepanda mlingotini kabla ya kukifunga mara tatu akiwa chini.

Kesho yake nilikata waya wa Bi. Zuwena. Niliukata shibri moja, ndani kijani. Shibri nyingine, bado kijani. Niliendelea mpaka urefu wa mkono wangu mzima na zaidi, ndipo shaba ikawa nyekundu. Vijana, msiuonee huruma waya. Ukiacha hata kidole kimoja cha wavu uliooza, umefunga ugonjwa ndani. Nililehemu konekta mpya. Nikafunga safu ya kwanza, nikafunga mpira nikibandua utando kidole kwa kidole, nikafunga nyeusi. Nikampa Bi. Zuwena akikague. Alipitisha ukucha wake kutoka chini hadi juu, akasimama katikati.

"Hapa pana mkunjo."

Sikuuona. Niliinama, nikageuza kwenye mwanga, bado sikuuona. Lakini nilipofungua ulikuwapo, mdogo kama unywele. Nikafunga tena. Akapitisha ukucha, akasema mwisho wa juu umevutwa. Nikafunga tena. Mara ya tatu alipitisha ukucha akarudisha, akasema haya. Tukakizamisha kwenye ndoo ya maji ya chumvi tangu alasiri hadi magharibi huku redio ikirusha, na mita ya mawimbi yanayorudi, ile inayopanda maji yakiingia, haikusogea. Ndipo tukausimamisha mlingoti, nikapanda. Niliufunga waya kwenye mlingoti ili uzito usikae kwenye kiungo, na nikaacha kitanzi kinachoning'inia chini yake, ili maji yanayofuata waya yadondokee pale badala ya kusafiri hadi ndani ya nyumba.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha kama imetumwa. Barabara ya Mambrui ilikatika, miembe ikang'oka, simu zikapotea siku nzima. Nami kila asubuhi saa nne nilikuwa dukani, mikono nimeikunja kwapani. Aliita Kilifi. Aliita Watamu. Alimwita Bwana Harshad, na Bwana Harshad akaitika, huku akinitazama mimi badala ya redio. Siku baada ya siku. Sikuthubutu kufurahi.

Masika yalipokwisha Twahir alikuja, akaniita nije. Nilimkuta uani, mlingoti keshaulaza peke yake, na kisu mkononi. Hakuwa amekasirika. Alisema sauti ya mama yake ameisikia, wala hana ugomvi nayo, lakini kiungo cha kwanza pia kilisikika vizuri wiki nzima kilipokuwa kinaoza. Anataka kuona ndani.

Kukifungua ni kukiua. Kazi yote ile, zile mara tatu, ukucha wa Bi. Zuwena. Lakini alikuwa na haki. Nilikichukua kile kisu, nikapasua mwenyewe, safu ya nje, mpira, safu ya ndani. Nikafungua konekta. Shaba ilikuwa nyekundu, inang'aa, kavu kama siku nilipoilehemu. Twahir alikigeuza juani, akatia kidole ndani, akakitazama kidole. Kisha akamwita mama yake, akamwekea mkononi, na mama akapitisha kidole vilevile.

"Haya, mmeshaona," Bi. Zuwena alisema. "Sasa ni saa tatu unusu. Nani atakayenifungia kabla ya saa nne?"

Twahir alinishikia waya mwenyewe, magoti yake kwenye mchanga, nami nikafunga.

Basi nanyi, chukueni kiungo kimoja mlichofunga kwa mikono yenu, kile mnachojivunia zaidi, mkipasue. Halafu niandikieni mniambie mmekuta nini ndani, kikiwa kikavu au kibichi, na mlitumia nini. Zaidi ya yote niandikieni habari za vile vibichi.